Hilo si Mkeka, Hilo Kapu

Mvua ya masika ilitufungia ukumbini, mimi na shangazi, nyumbani kwake nje kidogo ya Konde, Pemba. Mimi nimekaa juu ya jamvi na kompyuta mapajani. Yeye kaegemea nguzo, ukili, ule msuko mrefu unaoshonwa ukawa mkeka, umejikunja mbele yake kama nyoka aliyeshiba, vidole vinakwenda bila ya macho kuvisimamia. Macho yake yalikuwa kwenye skrini yangu.

"Nini hicho?"

"Mapambo, shangazi. Nataka kuona kama yanafaa kusukwa kwenye mkeka."

Akainama. Palikuwa na pembetatu juu ya pembetatu, nyeusi na nyeupe, zinashuka mstari baada ya mstari. Aliziangalia kwa muda ambao mimi ningemaliza kikombe cha chai, kisha akarudi kwenye nguzo yake.

"Hilo si mkeka. Hilo kapu."

"Kapu vipi tena?"

"Pembetatu yako imetokea kulia, ikaingilia kushoto. Mkeka gani unafanya hivyo? Mkeka una pindo."

Nikacheka. Kisha nikampa jibu ambalo ningetamani nilimeze: "Ndivyo kompyuta inavyofanya, shangazi."

"Haya," akasema, na vidole vikaendelea.

Nimepanda boti Mkoani, nimeshuka Malindi ya Unguja, nimerudi kazini, wiki zimepita. Ile "haya" bado iko sikioni.

Kanuni ya majirani wawili

Wanaoujua mchezo ulionichorea pembetatu zile wataniwia radhi, nitaupitia mbio. Otomata za seli, zile nyepesi kabisa, ni safu ya vijumba, kila kimoja cheusi au cheupe. Kwa kila hatua kijumba kinamtazama jirani wa kushoto, kinajitazama chenyewe, kinamtazama jirani wa kulia, kisha kinaamua rangi yake ijayo. Vyote vinaamua kwa pamoja. Hakuna mkubwa wao, na hakuna anayeiona safu nzima. Mstari mpya unaandikwa chini ya ule wa zamani, na ukirudia mara mia unapata picha.

Vijumba vitatu vya rangi mbili vina mipangilio 8, na kila mpangilio una jibu moja kati ya mawili. Ndiyo maana kanuni zote ni 256, wala hazizidi. Mwanasayansi Stephen Wolfram alizipa nambari mwanzoni mwa miaka ya 1980, na nambari zenyewe hazikutolewa hewani: andika majibu manane kwa sifuri na moja, yasome kama hesabu ya kompyuta inavyosomwa, umeipata. 01011010 ni 90.

Kanuni ya 90 ni hii: majirani zangu wakitofautiana, nakuwa mweusi, wakifanana, nakuwa mweupe. Basi. Ukianza na kijumba kimoja cheusi inakuchorea ile pembetatu yenye pembetatu tumboni, ambayo mwanahisabati Wacław Sierpiński wa Poland aliieleza mwaka 1915 bila ya kompyuta yoyote.

Hiyo ndiyo niliyompelekea shangazi. Niliona ukili nao hukua mstari kwa mstari, na msukaji naye hautazami mkeka mzima. Anashughulika na chane, ule ukindu uliochanwa, iliyo mkononi na zile zilizo ubavuni mwake. Siku wazo hilo liliponijia nilijiona nimegundua kitu. Nilitembea kutoka Michenzani mpaka Forodhani nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Kazi yenyewe iliifanya CellPyLib, maktaba (yaani fungu la msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) ya Python, lugha ya kompyuta, iliyoandikwa kwa ajili ya haya haya. Mistari minne au mitano ya msimbo: unaandaa safu, unataja kanuni, unasema hatua ngapi, unachora. Hapo ndipo penye raha ya maktaba, na hapo ndipo nilipojikwaa, kwa sababu kitu ambacho hukukiandika wewe unaona kama hakikuandikwa na mtu.

Mfano unaokoma mlangoni

Neno la shangazi lilinirudisha kwenye ukurasa wa maelezo ya maktaba, ule ambao sote tunaunakili na hakuna anayeusoma. Mistari ya mwanzo kabisa inasema wazi kuwa otomata zake zina mipaka ya mzunguko. Nilikuwa nimeufungua ukurasa ule labda mara ishirini.

Mipaka ya mzunguko maana yake ni kwamba kijumba cha mwisho kulia, jirani yake wa kulia ni kijumba cha kwanza kushoto. Safu haina mwanzo wala mwisho. Imepindwa, ncha zimekutanishwa, zimeshonwa.

Kapu.

Nikajiuliza kwa nini sikuliona mapema. Jibu liko kwenye mfano wa kwanza wa maelezo. Una vijumba 200, kimoja cheusi katikati, na picha ina mistari 100. Rangi husambaa kijumba kimoja tu kila upande kwa kila hatua. Kutoka katikati hadi ukingoni ni kama vijumba 100. Kwa hiyo picha inakwisha pale pale rangi inapobisha hodi kwenye ukingo. Haikuingia, haikurudi, haikuzunguka. Wala si hila ya mtu, ni mfano mzuri na picha yake inapendeza. Lakini umenifundisha kanuni nzima bila ya kunionesha hata mara moja mlango uko wapi na unafungukia wapi.

Mkeka wangu ulikuwa mwembamba. Tena mbegu, kile kijumba cheusi cha kuanzia, niliitia karibu na ukingo wa kulia, kwa urembo tu. Ndiyo maana mshono ulionekana, na aliyeuona ni mwenye kushona.

Hatua ya 16

Usiku mmoja nikaamua kufanya jaribio dogo, la kitoto. Nikaweka vijumba 32. Kwa nini 32? Ni idadi ya mashimo ya bao, nikaona nambari ina baraka. (Na ukilifikiria, bao nalo ni kapu: mashimo yako 16 yanakwenda, yanageuka, yanarudi ulipoanzia. Marehemu baba alikuwa akizungusha kete mpaka mpinzani wake anaomba chai.)

Kanuni ya 90, mbegu moja katikati. Pembetatu ikafunguka vizuri. Hatua ya 15 ikatoka moja nyeusi, moja nyeupe, moja nyeusi, moja nyeupe, safu nzima, kama kofia iliyotobolewa kwa mkono uliotulia.

Hatua ya 16: tupu.

Si kijumba kimoja kilichobaki. Na hatua ya 17 tupu, na ya 18, mpaka chini. Nilidhani nimeharibu kitu. Nikafuta, nikaandika upya, ikafa palepale. Nikaweka 33, ikaendelea kuishi. Nikarudi 32, ikafa.

Ilinichukua karatasi na penseli kuelewa, na karatasi ilikuwa nyuma ya risiti ya umeme. Kufikia hatua ya 15 kila kijumba cheupe kimezungukwa na weusi wawili. Wakifanana, unakuwa mweupe. Kila cheusi nacho kimezungukwa na weupe wawili, nacho kinakuwa cheupe. Katika safu isiyo na ncha hakuna hata kijumba kimoja chenye majirani wanaotofautiana, kwa sababu hakuna aliyekaa pembeni. Usawa ule kamili ndio uliowamaliza wote kwa pigo moja.

Basi nikauliza: na kama pangekuwa na pembeni?

Maktaba inakupa nafasi ya kuandika kanuni yako mwenyewe. Inakuletea majirani, inakuletea nambari ya kijumba, inakuletea hatua uliyofika. Nikaandika: ukiwa kijumba cha kwanza, kushoto kwako ni bahari, ukiwa wa mwisho, kulia kwako ni bahari, na bahari ni nyeupe daima. Nikaendesha. Ikatoka picha isiyoeleweka, madoa mahali pasipostahili madoa.

Hapa nilipoteza siku mbili nzima, na nitazisimulia kwa sababu kosa lake ni tamu. Kuna chaguo la kuharakisha kazi: maktaba inakumbuka. Ikishapata jibu la mpangilio fulani wa majirani, hairudii tena kuuliza kanuni, inatoa jibu lile lile lililohifadhiwa. Kwa kanuni ya kawaida ni akili nzuri. Lakini kanuni yangu sasa ilitegemea na mahali. Majirani wale wale, jibu lingine ukiwa ukingoni. Kumbukumbu haikujua hilo. Ilichukua hukumu iliyotolewa katikati ya safu ikampa mtu wa pwani, na mara nyengine hukumu ya pwani ikapelekwa bara. Maelezo yanaonya kuhusu jambo hili. Nilikuwa nimeliwasha chaguo lile kwa sababu mfano ulikuwa nalo.

Nikalizima. Hatua ya 15 ikatoka vile vile, moja nyeusi moja nyeupe. Hatua ya 16 ikabaki nukta moja, ukingoni kabisa kushoto. Kulia hakukusalia kitu, kwa kuwa 32 haina katikati ya kweli na mbegu ilikaa chembe upande mmoja. Nukta ile pweke ikaanza upya, ikafungua pembetatu nyengine kutokea pwani kuelekea bara.

Nikajaribu ukingo wa tatu. Badala ya bahari nikaweka kioo: aliye mwisho akitazama nje anajiona mwenyewe. Hatua ya 16 zikabaki nukta mbili, moja kila ncha. Zikapanuka, zikakutana, zikachanganyikana, mpaka hatua ya 31 ambapo safu nzima ilikuwa nyeusi tii, vijumba vyote 32.

Hatua ya 32, tupu.

Nilikaa nikizitazama picha tatu zimepangwa ubavu kwa ubavu. Mbegu moja, kanuni moja, upana mmoja. Mpaka hatua ya 15 huwezi kuzitofautisha hata ukipewa darubini. Kisha mmoja anakufa, mmoja anabaki na mtoto wa pwani, mmoja anaishi umri mara mbili na kufa akiwa amejaa. Katika kanuni ya 90 yenyewe, ile 01011010, hakuna tarakimu hata moja inayozungumzia ukingo.

Darajani hakuna daraja

Mimi ni mtu wa visiwani, na nilitarajia bahari iwe ndiyo jawabu la asili. Dunia inakwisha pale maji yanapoanza. Nilipouandika mstari ule wa msimbo nilijisikia fahari kidogo, kama kwamba nimeisahihisha maktaba kwa niaba ya Wapemba wote.

Fahari yenyewe haikudumu. Kompyuta niliyomfungulia shangazi ilikuwa imechajiwa kwa umeme unaotoka Tanga. Tangu mwaka 2010 unapita kwenye waya uliolazwa chini ya bahari ile ile niliyoiandika kuwa ni sifuri daima. Mchele unakuja kwa maji, karafuu zinaondoka kwa maji, mimi mwenyewe nilifika kwa maji. Mvuvi wa Tumbe ukimwambia kuwa kisiwa kinakwisha ufukweni atakuuliza yeye basi anafanya kazi wapi.

Na mjini Unguja je? Tunasema Ng'ambo mpaka leo. Hori lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili limefukiwa zamani, Darajani hakuna daraja, watu wanavuka barabara na mifuko ya ndizi bila ya kujua wanavuka nini. Ukingo umeondoka na jina limebaki. Kuna watu wa umri wangu ambao bado wanauliza posa ya Ng'ambo kwa sauti ya kushuka. Hao ni ile kumbukumbu ya maktaba yangu: hukumu ya zamani, imehifadhiwa, inatolewa bila ya kuuliza tena.

Mwanahisabati John Conway alipouanzisha mchezo wake wa maisha, otomata za seli za kwenye uwanja badala ya safu, uliojulikana kwa watu mwaka 1970, alijitoa kwenye shida hii kwa njia ya kifalme: uwanja wake hauna mwisho kwa pande zote. Kile kiumbe chake cha vijumba vitano kinachotembea kimshazari, hatua moja kila vizazi vinne, kinaondoka na kuondoka na hakirudi kuulizwa. Hesabu inaruhusu. Kompyuta hairuhusu. Ukiuweka uwanja wa Conway ndani ya mashine lazima uukate mahali, na ukiukata lazima useme kuna nini nje. Ukinyamaza, kuna aliyekwisha kukusemea. Kwenye mzunguko kiumbe kile kitaondokea kusini na kuingilia kaskazini, na kitakuja kugonga mabaki ya nyumba kilikotoka.

Kwenye chuo cha Kurani tulifundishwa kuwa jirani ni nyumba arobaini kila upande. Maktaba nayo inakubali kupanuliwa ujirani, kuna nambari moja tu ya kubadilisha. Nikiweka arobaini kwenye kapu langu la 32, kila kijumba kinazunguka na kuwa jirani wa nafsi yake. Nilicheka peke yangu usiku ule, mke wangu akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza.

Kilichoniuma hakikuwa kuchagua ukingo upi. Nilikuwa nimemwambia mama mtu mzima, mwenye miaka hamsini ya kushona pindo, kwamba kompyuta ndivyo inavyofanya. Kompyuta haikuwa imefanya chochote. Kuna mtu alichagua kapu, kwa sababu nzuri, akaandika mlangoni kuwa amechagua kapu. Mimi nikapita mlangoni nikiwa na haraka.

Chane

Nilirudi Pemba na karatasi tatu zilizopigwa chapa, nimeziviringisha ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kapu lako?"

Kumbe naye hakusahau.

Nikazitandaza. Nikaanza kueleza mzunguko, bahari, kioo. Hakunisubiri nimalize. Ya kwanza aliisukuma kando kwa kiganja. Ya pili aliitazama kidogo, akasema imechanika. Ya tatu, ya kioo, ndiyo iliyomsimamisha. "Hii angalau ina pindo," akasema, na mimi moyo ukanipanda. Kisha kidole chake kikashuka mpaka mahali ambapo weusi wawili wanaingiliana na kutoweka.

"Hizi mbili zimekwenda wapi?"

"Zimekutana. Zimefutana."

"Zimefutana?"

Akachukua ukili uliokuwa mbele yake na kuninyooshea. Akanionesha chane moja, iliyotiwa rangi ya zambarau, na ukucha wake ukaifuata: inashuka kimshazari kwenda kulia, inazama chini ya nyengine, inazuka, inazama, inafika ukingoni, inakunjwa, inaanza kurudi kushoto.

"Chane haifi, mwanangu. Zikikutana, moja inapita juu, nyengine inapita chini. Kila moja inaendelea na safari yake. Ikifika mwisho unaikunja. Sasa hizi zako zinazofutana, msukaji atazitupa wapi?"

Sikuwa na la kumwambia. Ugunduzi wangu wa Michenzani mpaka Forodhani uliishia pale, kwenye ukucha. Ukili haukuwa kanuni ya 90. Haukuwa hata jamaa yake. Kanuni ya 90 inahesabu tofauti na kusahau nani alikuwa nani. Ukili hausahau hata chane moja.

Usiku ule nikaandika upya. Kila kijumba nikakipa hali nne badala ya mbili: hakuna kitu, kuna chane inayokwenda kulia, kuna inayokwenda kushoto, zipo zote mbili. Inayokwenda kulia inahamia kulia, inayokwenda kushoto inahamia kushoto, na zikikutana zinapishana bila ya kuulizana. Ukingoni, inayokwenda inageuka kuwa inayorudi. Kumbukumbu ya kuharakisha nikaizima kabla ya kitu chochote. Msimbo wote haukufika mistari kumi na tano. Kwa vijumba 32 kila chane ilirudi palepale ilipoanzia, ikielekea kule kule ilikokuwa ikielekea, baada ya hatua 64, na picha nzima ikaanza upya bila ya kupoteza kitu. Niliiacha ikimbie hatua elfu mbili ili nione kama itakufa. Haikufa.

Asubuhi, kabla hata ya chai, nikamwekea kompyuta mbele. Mishazari miwili ya zambarau inakwenda, inapishana, inagonga pindo, inarudi.

Aliitazama kwa muda mfupi sana.

"Hii ya mtoto anayejifunza," akasema. Akasogeza fungu la ukindu kwa mguu mpaka likanifikia.